Wauza shokapu mnaouliza "umenyanyua inchi ngapi" halafu mnavuta boksi, mmeniharibia gari

Wakuu habari za muda huu, mnisamehe nakuja na hasira, nimetoka chini ya gari sasa hivi mikono bado ina grisi na nisipoandika leo kesho nitakuwa nimepoa na hawa jamaa wataendelea kuwauzia wengine upuuzi ule ule.

Kisa chenyewe hiki. Gari yangu ni ekseli nzima mbele na nyuma (chuma kimoja kinachounganisha tairi ya kushoto na ya kulia), koili springi pande zote, mpangilio kama wa Land Cruiser 80 au Defender za zamani (sitaji ni ipi, najua humu ubishi wa brand ukianza hoja inafia hapo hapo). Niliinunua ikiwa imeshanyanyuliwa, yaani imepandishwa juu kuliko ilivyotoka kiwandani. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa, ukikandamiza bampa gari inadunda kama godoro, nikaenda kwa muuzaji anayejiita mtaalamu wa gari za porini. Swali lake la kwanza, "umenyanyua inchi ngapi bosi?" Nikamwambia sijui, nimeikuta hivi. Akatoa futi, akapima kutoka katikati ya habu (kitovu cha tairi) mpaka ukingo wa fenda, akalinganisha na kipimo cha kiwandani, akasema hii ni inchi 4, akavuta boksi limeandikwa "inchi 3 mpaka 4". Dakika tano tumemalizana. Chini ya gari hakuingia. Hata kuinama tu hakuinama!

Rafu rodi ya kwanza nikaanza kusikia mlio, na siyo ule mlio wa mpira, ni chuma kwa chuma, kong', kong', kila shimo. Narudi kwa fundi aliyezifunga ananiambia "bushi bado mpya hizo mkuu, zikizoea zitatulia". Bushi ni vipira tu vya kwenye maungio ya shokapu, zizoee nini jamani? Nikaendelea kutembea nayo kama mjinga, mpaka siku nikaingia kwenye shimo moja tena mwendo wa kawaida kabisa, nikasikia mlipuko huko nyuma kama mtu kapiga nyundo kwenye sakafu. Kushuka kuangalia, breketi ya juu inayoshika shokapu upande wa kushoto imeng'oka na kipande cha chesesi (fremu ya chuma inayobeba bodi), rodi ya shokapu imepinda, oili inatiririka mpaka kwenye rimu.

Sasa ndo nikafanya kile ambacho muuzaji alitakiwa kufanya toka siku ya kwanza. Nikaingia chini na tochi. Kitu cha kwanza kuona ni bampstopa, yaani ule mpira unaopokea ekseli ikipanda mpaka mwisho. Ulikuwa na vumbi limeganda juu yake, laini, halina hata alama ya kidole. Nimepita mashimo yote yale na ule mpira haujawahi kuguswa hata mara moja. Maana yake nini? Maana yake shokapu ndo iliyokuwa inapokea uzito wote wa gari, inafika mwisho kabla ekseli haijafika kwenye mpira, pistoni inagonga chini ya silinda, na huo ndo mlio wa kong' niliokuwa naambiwa utatulia.

Kitu cha pili kikanimaliza nguvu. Kati ya chesesi na bodi kuna vibloku vyeusi vya plastiki ngumu, vya inchi 2, kila kwenye bolti ya bodi. Mwenye gari wa kwanza alinyanyua saspensheni inchi 2 na bodi inchi 2. Ukipima habu mpaka fenda lazima upate 4, maana fenda iko kwenye bodi! Lakini shokapu haijui habari za bodi, huku juu imefungwa kwenye chesesi na huku chini kwenye ekseli, ukiinua bodi peke yake hata futi nzima urefu wa shokapu haubadiliki hata milimita moja. Shokapu yangu ilitakiwa ihesabiwe inchi 2 tu. Jamaa anayeuza vitu hivi kila siku kashindwa kuangalia vibloku ambavyo ukichuchumaa tu unaviona.

Na nimepima wakuu, sibahatishi. Gari ikiwa imesimama kawaida, katikati ya bolti ya juu mpaka katikati ya bolti ya chini ni milimita 480. Nikatoa koili, nikapandisha ekseli kwa jeki mpaka bampstopa ikabanwa vizuri, nikapata 372. Zile za boksi zikibanwa mpaka mwisho zina 405. Hebu toa wenyewe. Milimita 33 ambazo hazipo! Ekseli ilikuwa inataka kupanda 108, shokapu inaruhusu 75, zilizobaki nani azilipe kama siyo breketi yangu?

Kushuka nako ni balaa jingine. Zikivutika zinafika 660. Nilipoinua chesesi ekseli ikaning'inia, hosi ya breki ikakaza kama uzi wa gitaa kwenye 620, shokapu bado ina nafasi ya kushuka milimita 40 zingine. Yaani kilichokuwa kinazuia ekseli isishuke ni hosi ya breki. HOSI YA BREKI. Na koili ilikuwa imelegea kwenye kikalio chake unaizungusha kwa mkono, ingeweza kuruka siku tairi moja inaning'inia halafu ikarudi chini imekaa upande. Hapa sizungumzii tena starehe ya kuendesha, mtu anakufa hivi hivi.

Kuna wale mtakaokuja na "bora ndefu kuliko fupi mkuu". Acheni. Fupi ina shida zake, ukibakiza za kiwandani kwenye gari iliyonyanyuliwa inakuwa kama kamba inayozuia ekseli isishuke, kila tairi ikiingia bondeni inafika mwisho wa kuvutika, inang'oa oili sili (mpira unaozuia oili isivuje) na inachosha bushi. Za kwangu za kiwandani zinaishia 560, toa 480, zinabaki milimita 80 tu za kushuka. Sawa, ni tatizo. Ila ndefu siyo dawa yake, kwa sababu shokapu yenye safari ndefu inahitaji silinda ndefu ya kuificha ile rodi, kwa hiyo hata ikibanwa inabaki ndefu. Huwezi kupata vyote bure. Za gesi za silinda moja ndo kabisa, nafasi ya gesi nayo inakula urefu wa silinda, ndo maana nyingine zinakuja na kile kichupa cha pembeni kilichounganishwa kwa hosi, wengine wanadhani ni urembo. Ukitaka kuweka ndefu basi uongeze urefu wa bampstopa ili ekseli isimame mapema, na hapo umejipunguzia safari ya juu mwenyewe.

Sasa hasira yangu kubwa ni kwenye hayo maboksi. "Inchi 0 mpaka 2." "Inchi 3 mpaka 4." Inchi za nini? Za bodi, za springi, za tairi, za kichwa cha nani? Kwa gari ya ekseli nzima na shokapu iliyosimama wima karibu na tairi angalau inchi moja ya tairi inakaribia inchi moja ya shokapu. Wenye saspensheni huru mbele, yaani kila tairi inapanda na kushuka peke yake, hata hiyo hawana, shokapu imekaa katikati ya mkono wa chini, tairi ikishuka inchi 2 shokapu inavutika pungufu ya hapo, mtu akikuongezea inchi 2 kamili kakupiga tayari. Namba zinazotakiwa ni mbili tu, urefu ikibanwa na urefu ikivutika. Mtengenezaji anazo. Namba ya spea ipo kwenye lebo, ukiifungua kwenye katalogi yake urefu upo. Muuzaji hataki kufungua, basi.

Nimerudi dukani na shokapu iliyopinda mkononi. Unajua nimeambiwa nini? "Garantii haihusu matumizi ya rafu rodi." Kwenye boksi kuna picha ya gari inaruka tuta la mchanga! Unamuuzia mtu ngalawa halafu unamlaumu kwa kulowa. Nikamuonyesha bampstopa kwenye simu, lile vumbi, akasema "utakuwa ulizidisha mzigo". Gari ilikuwa tupu, mimi na jeki tu.

Halafu nikiwa pale akataka kunipoza kwa kunibadilishia seti nyingine, "hizi ni ngumu zaidi bosi, hazivunjiki". Urefu ule ule! Na huu ugonjwa wa "weka ngumu" nao umeshatuharibia magari ya kutosha. Kinachobeba gari ni springi, kazi ya shokapu ni kuituliza isidunde. Ikiwa ngumu kupita kiasi upande wa kurudi, yaani inapovutika, kwenye barabara yenye mawimbi ya bati tairi haiwahi kushuka kabla ya wimbi linalofuata, gari inazidi kujikunja chini wimbi baada ya wimbi mpaka mwisho unatembelea bampstopa, halafu unalalamika springi laini. Ukiwa na springi ngumu au mzigo wa kudumu, hapo ndo unatafuta shokapu iliyopangwa kwa springi hizo, na swali la "springi zako ni za uzito gani" nalo sijawahi kuulizwa na muuzaji yeyote.

Fundi naye ana lake. Zile bushi za mpira za jicho la shokapu (tundu la kupitisha bolti) kazikaza gari ikiwa juu ya jeki, ekseli inaning'inia. Gari ikashuka chini, mpira ukabaki umejisokota saa zote. Mbili zimeshapasuka pembeni. Unashusha gari ikae kwenye tairi zake ndo unakaza nati ya mwisho, hii ni elimu ya siku ya kwanza gereji.

Sasa hivi breketi imechomelewa na chuma cha kuongezea nguvu, nimerudisha za zamani zinazodunda ili angalau gari isogee. Ninachotafuta ni za nyuma, jicho juu na chini, bolti ya milimita 16, zikibanwa zisizidi 360, zikivutika ziwe kwenye 595, isizidi 600 ili hosi ya breki ipumue. Nikizipata nitafunga kibanio cha plastiki kwenye rodi, nitembee rafu rodi, nione kimesukumwa mpaka wapi kabla sijamwamini mtu tena. Mwenye namba ya spea inayokaribia hapo aiweke, ya kampuni yoyote, na urefu wake wote wawili. Ukija na "hii inafiti tu mkuu, nilimfungia jamaa yangu" sikujibu.