Mashujaa wa katuni wakipigana mjini, nani awajibike kwa mpita njia?

Mwenye Hoja

Ndugu wasomaji, jana nilikuwa nikilitazama tena jalada la Action Comics toleo la kwanza, la Juni 1938, lile ambalo Superman ameinua gari na kulibamiza kwenye mwamba. Wengi humtazama Superman, lakini mimi nilimtazama yule bwana wa kona ya chini kushoto, aliyeshika kichwa kwa mikono miwili, macho yamemtoka, anakimbia kana kwamba anataka kutoka nje ya karatasi. Tangu wakati huo katuni zimejaa watu wa namna yake: wanakimbia, ghorofa linaporomoka nyuma yao, na ukurasa ukifunuliwa hawapo tena. Hoja yangu ni kwamba shujaa anayechagua kupigana katikati ya mji hana budi kubeba dhamana ya waliofukiwa, hata kama aliyeanzisha ugomvi ni mhalifu. Mnasemaje?

Penseli Butu

Yule bwana wa kona si mpita njia. Ni mmoja wa majambazi waliomteka Lois Lane, na Superman alikuwa amewakung'uta kutoka ndani ya gari hilo kama mtu anavyokung'uta mchanga kwenye kiatu. Hadithi imo ndani ya toleo hilo hilo, kwa anayependa kufungua kitabu baada ya kutazama jalada. Kwa hiyo mjadala huu umeanza kwa kumlilia mtekaji.

Mwenye Hoja

Nimekubali kosa, ingawa kejeli haikuhitajika. Hata hivyo hoja haisimami juu ya jalada moja.

Bi Swali

Haisimami, na ndiyo maana nashangaa hakuna aliyetaja mji wa Stamford. Katika Civil War, hadithi ya kampuni ya Marvel ya mwaka 2006, vijana wa kundi la mashujaa la New Warriors wanawavamia wahalifu karibu na shule huku kamera za kipindi chao cha televisheni zikiwarekodi, na mmoja wa wahalifu hao, Nitro, analipuka na kuua watu zaidi ya 600, watoto wakiwemo. Aliyelipuka ni Nitro, sikatai. Lakini aliyeamua kwamba pambano lifanyike pale, saa ile, kwa ajili ya watazamaji, hakuwa Nitro. Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi, na hapa nyasi zilikuwa uwanjani zikicheza.

Mzee Kurasa

Dada, methali hiyo haitufai hapa, maana nyasi za katuni huota tena kabla ya toleo linalofuata. Mji unabomoka mwezi huu, mwezi ujao madirisha yote yamerudi. Isitoshe, tangu mwaka 1954, kanuni za wachapishaji wa Marekani zilipopiga marufuku umwagaji damu uliokithiri, msomaji alizoea kuona majengo yakianguka kana kwamba hayana wakazi. Wapita njia hawa waliumbwa ili wakimbie, na anayebaki dirishani kutazama vita amejitakia. Mkitaka kweli kumshtaki shujaa, anzeni na Spider-Man, aliyemuua mpenzi wake Gwen Stacy kwa utando wake mwenyewe.

Penseli Butu

Mzee wangu, shikamoo yako iko palepale, lakini hilo siwezi kuliacha lipite. Gwen aliuawa na Green Goblin, adui wa Spider-Man, ambaye ndiye aliyemtupa kutoka juu ya daraja, katika toleo la 121 la The Amazing Spider-Man la mwaka 1973. Goblin mwenyewe anasema kwamba anguko la kimo kile lingemuua mtu yeyote kabla hajafika chini.

Mzee Kurasa

Marahaba, mwanangu, lakini tangu lini ushahidi wa muuaji ukawa ndio hukumu? Kitazame kile kisanduku chenyewe: utando umemshika miguuni, mwili umesimama ghafla, kichwa kimerudi nyuma, na kando ya shingo pamechorwa neno dogo la mlio wa kitu kinachovunjika. Wahariri wenyewe walikiri, matoleo machache baadaye walipojibu barua za wasomaji, kwamba kilichomuua ni kule kusimamishwa kwa ghafla. Peter, yaani Spider-Man mwenyewe, alimdaka vibaya.

Penseli Butu

Asingemdaka angekufa vilevile. Huwezi kumwita muuaji mtu aliyenyoosha mkono kuokoa.

Upepo wa Ghorofani

Mnabishania daraja gani hasa? Maandishi yanataja George Washington, lakini mchoro ni wa daraja la Brooklyn, na yeyote aliyeona picha ya zile nguzo za mawe hawezi kudanganyika.

Penseli Butu

Daraja halibadilishi aliyemtupa.

Upepo wa Ghorofani

Linabadilisha kimo, na kimo ndicho utetezi wako wote.

Mwenye Hoja

Ndugu zangu, Gwen hakuwa mpita njia. Alikuwa mpenzi wa shujaa, alitekwa kwa sababu hiyo, na kifo chake kimeliliwa kwa zaidi ya miaka 50. Mimi niliuliza habari za mtu asiyejulikana na yeyote katika pambano.

Bi Swali

Nami nina deni na Mzee Kurasa kuhusu hilo neno la "amejitakia", ambalo limenikaa kooni tangu asubuhi. Phil Sheldon, mpigapicha katika hadithi ya Marvels ya mwaka 1994, ni mtu wa kawaida aliyekuwa kazini tu wakati Namor na Human Torch, wawili wenye nguvu za ajabu, wanapigana, kifusi kikamrukia na kumpofua jicho moja. Alijitakia nini? Halafu ajabu yake ni kwamba haachi kuwatazama. Anaendelea kuwapiga picha kwa miaka mingi, kwa jicho lililobaki.

Mzee Kurasa

Basi umenijibia. Hata yeye hakuwadai chochote.

Bi Swali

Kutodai si kutodaiwa, mzee wangu. Miriam Sharpe alidai, mwanawe alipokufa Stamford. Alimtemea mate Tony Stark, yaani shujaa Iron Man, mazishini, na sheria ya kuwasajili mashujaa ikapata mdomo wa kuisemea.

Upepo wa Ghorofani

Mkiwafunga mashujaa kwa sheria mtapata yaliyoikuta Coast City katika hadithi za Superman. Mwaka 1993 mji ule wa watu milioni saba uliteketezwa na wahalifu, si na ngumi ya shujaa iliyokosa shabaha. Heri ghorofa moja lililobomolewa na anayekutetea.

Mwenye Hoja

Hilo ni pambano lililokosa shujaa wa kutosha, nami nauliza juu ya lile alilochagua mahali pake. Hulk, ambaye wote mnamwita mnyama, alipokuja kulipiza kisasi katika hadithi ya mwaka 2007 alitoa saa 24 watu waihame Manhattan kwanza. Ikiwa yeye aliweza kukumbuka, wengine wanashindwaje? Na bado hakuna aliyenijibu nani analipa.

Penseli Butu

Limejibiwa tangu mwaka 1989, Marvel ilipoanza kuchapisha mfululizo wa Damage Control, kampuni ambayo kazi yake yote ni kuzoa vifusi na kujenga upya baada ya mapambano. Tatizo lina ofisi, lina wahandisi, lina ankara. Tufunge mjadala.

Bi Swali

Usifunge bado. Soma katuni za shujaa Wolverine za wakati wa Civil War, anapomsaka Nitro baada ya mlipuko. Aliyempa Nitro dawa ya kumwongezea nguvu alikuwa mkubwa wa kampuni hiyo hiyo, na sababu yake ilikuwa zabuni ya vifusi.