Wauza filta za chini ya sinki, acheni kufunga RO bila kupima maji wala presha!

Wakuu, hii biashara sasa imekuwa wizi wa mchana kweupe. Fundi anakuja na boksi la RO, ile filta inayosukuma maji kwa presha kupita kwenye utando (membreni) unaozuia chumvi, anatoboa sinki, anafunga koki ya shingo ndefu, anapokea chake anasepa. Hajapima TDS, yaani wingi wa chumvi na madini yaliyoyeyuka, kwa miligramu kwa lita. Hajauliza kama maji ni ya DAWASA, ya kisima au ya boza. Presha ndiyo kabisa, hata geji hana. Mteja akilalamika maji yanadondoka tone tone na bado yana chumvi, jibu ni lile lile: "Membreni imekufa, andaa hela ya nyingine."

Haijafa. Haijawahi kufanya kazi!

Hesabu yenyewe wala si ngumu. Kila mita moja ya kimo, kutoka maji yalipo kwenye tangi hadi kwenye filta, inakupa presha ya takriban bar 0.1. Tangi likiwa juu ya mnara wa mita 4 hupati hata bar 0.5. RO ya nyumbani inataka bar 2.8 kwenda juu. Na kisima chenye TDS ya 1,000, ambacho ni cha kawaida tu pwani hii, kinakula kama bar 0.7 kabla tone la kwanza halijavuka membreni. Sasa hiyo 0.5 yako itavusha nini? Maji yote yanaishia kwenye bomba la maji machafu, na ankara ya umeme wa pampu ya kisima unalipa wewe.

Nyumba ya tangi la juu inahitaji RO yenye pampu ya volti 24 na swichi mbili. Ya presha ndogo inazima pampu maji yakikatika, isizunguke kavu ikaungua. Ya presha kubwa inazima tangi la filta likijaa. Ukiona pampu ina swichi moja tu, uliza nyingine imeenda wapi.

Halafu kuna ule mchezo wa kuigiza sebuleni. Muuzaji anachomeka kifaa chenye vijiti vya chuma kwenye glasi mbili, moja ya maji ya bomba, nyingine ya RO. Dakika moja, ya bomba imekuwa kahawia kama chai iliyochacha. Mama mwenye nyumba anashika mdomo. Jamani, hiyo kahawia ni kutu ya vijiti vyenyewe! Umeme unapita kwenye maji yenye madini, chuma kinaliwa. Maji ya RO hayana chumvi za kutosha kupitisha umeme, ndiyo maana yanabaki meupe. Mwambie atie chumvi ya mezani kidogo kwenye ile glasi "safi" arudie. Itageuka kahawia mbele ya macho yake.

Na wenye maji ya bomba yenye TDS ya 150 au 200 mnauziwa RO ya nini? Nyie mnahitaji chujio la matope la mikroni 5 na kaboni ya kushindiliwa, basi. Ila muelewe kaboni inaondoa klorini, harufu na ladha. Haiondoi chumvi na haiui vijidudu. Tena ikishaondoa klorini, maji yakilala humo wiki nzima mmesafiri, vijidudu vinazaliana. Mkirudi mwageni dakika kadhaa kwanza, na ya kunywa endeleeni kuchemsha.

Kwenye matunzo ndiko wanakokula hela mara ya pili. Chujio la matope hubadilishwa kila miezi 3 hadi 6, masika hata mapema zaidi. Kaboni miezi 6, na usiichelewe kama unatumia maji ya bomba, kwa sababu klorini ikipita inaiharibu membreni. Membreni yenyewe inaenda miaka 2 hadi 3, lakini usihesabu kalenda. Pima. Maji yanayoingia 900, yanayotoka 60, imezuia asilimia 93, iache. Ikishuka chini ya asilimia 80 ndipo ununue. Kipima TDS ni kidogo kama kalamu, kuwa na chako, usitegemee cha muuzaji.

Siku ya kubadilisha: funga maji, zima pampu, fungua koki tangi la filta liishe. Kabla hujafunga vikombe vinavyobeba filta, futa ule mpira wa duara, pakaa grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula, si mafuta ya kujipaka. Kaza kwa mkono. Ile spana ya plastiki ni ya kufungulia. Wanaokaza kwa nguvu zote ndio wanaopasua kikombe saa nane usiku. Maji ya mwanzo yatatoka meusi, ni vumbi la kaboni, yamwage. Na kama umefunga membreni mpya, mwaga tangi zima la kwanza.

Fundi Koki:
Umesema kweli mkuu. Ongezea wa Arusha na Meru. Huku shida ni floraidi, na WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Watu wanauziwa kaboni ya kawaida wanaambiwa inatoa floraidi. Haitoi. Mkaa wa mifupa unatoa, ila nao unachoka na lazima maji yapimwe maabara, kwa sababu kile kikalamu cha TDS hakioni floraidi. RO inapunguza vizuri. Kuchemsha ndiyo unaizidisha, maji yanapungua yenyewe inabaki.

Bi Kisima:
Kaka, swali. Tangi limejaa lakini mpira wa maji machafu unatiririka usiku kucha. Fundi kaniambia ninunue mtambo mzima.

Mleta uzi:
Usinunue kitu dada. Funga valvu ya tangi la filta na koki, acha pampu ijaze presha, subiri dakika 10. Mpira ukinyamaza, kagua upepo wa tangi: lifungie maji, litoe maji yote, kisha pima kwenye ile valvu iliyo kama ya baiskeli. Inatakiwa psi 5 hadi 7 (kipimo cha presha kama cha matairi), ikipungua jaza kwa pampu ya baiskeli taratibu. Mpira ukiendelea kutiririka, mtuhumiwa wa kwanza ni ile valvu ndogo isiyorudisha maji, iko kwenye kiungio cha maji safi yanapotoka nyumba ya membreni. Wa pili ni valvu ya kukata maji yanayoingia. Vyote viwili vinauzwa kimoja kimoja. Huyo fundi muulize alipima nini kabla ya kukutajia mtambo mzima.