Tupeane uzoefu: shule ya mtaa imebomolewa, historia yake tutaikuta wapi?

Bikoni_Sisimba
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Ile picha ya kiwanja kilichosafishwa na tingatinga inazunguka tangu juzi, na maswali ni yaleyale: shule ilianza lini, ilijengwa na nani, kabla yake palikuwa na nini? Msikate tamaa. Shule huacha alama kwa watoto waliohamishwa, kwenye kiwanja, na kwenye fedha iliyoijenga. Anzeni na watoto. Shule ikifungwa, daftari la uandikishaji huenda na wanafunzi, kwa sababu mwalimu mkuu anayewapokea analihitaji akitaka kuthibitisha umri au darasa la mtoto. Kwa hiyo ulizeni walikohamishiwa watoto, hata kama si shule ya jirani. Wenye uzoefu mwageni hapa, kila kata ina kisa chake.

KaraniMstaafu
Kamwene nyote. Mkishalipata hilo daftari, msirukie majina ya ukoo wenu. Fungueni mwanzo kabisa, namba 1 hadi 40, msome safu mbili: "shule alikotoka" na "darasa alilowekwa". Wote wakiwa wameingia darasa la kwanza na safu ya shule alikotoka iko tupu, basi shule ilianza pale pale. Mkikuta namba 1 hadi 30 wameingia la tatu na la nne wakitokea shule moja, hiyo imezaliwa kwa kugawanywa, na mwanzo wake halisi uko kwenye daftari la shule mama. Na namba ya kwanza ikiwa 612, jueni kuna kitabu kimetangulia na kimepotea. Wengi hapo huandika mwaka wa kitabu cha pili wakidhani ndio mwaka wa kuanzishwa.

Baada ya hapo tafuteni kitabu cha matukio (walimu hukiita logi buku), kitabu cha wageni na taarifa za ukaguzi. Nakala za ukaguzi zilipelekwa pia ofisi ya elimu ya wilaya, kwa hiyo shule ikikosa, ofisi inaweza kuwa nayo. Siku hizi wakaguzi wanaitwa wathibiti ubora, msije mkauliza jina la zamani mkaambiwa ofisi haipo.

Mama_wa_Tukuyu
Ndaga, karani. Niongeze pale panapouma. Wiki ya kubomoa ndiyo wiki ya kuzaliwa au kufa kwa historia ya shule. Vitu hutolewa kwa thamani yake sokoni: bati kwanza, halafu mbao za kenchi, milango, madawati, mpaka nondo za lenta. Makaratasi hutoka mwisho, hurundikwa barazani, kisha baraza nalo linaezuliwa. Kwetu Rungwe mvua haibishi hodi. Usiku mmoja tu rundo linalowa, asubuhi anakuja mtu mwenye nia njema anayetaka kusafisha eneo, anawasha moto. Yanayosalia hufungia karanga.

Mkifika mkakuta yamelowa, sikilizeni vizuri. Msianike juani: karatasi hujikunja na gundi ya mgongo wa kitabu hupasuka. Msitenganishe kurasa zilizogandana, zitachanika zikiwa bado mbichi. Simamisheni kitabu kikiwa kimefunguka kidogo kama feni, kivulini, penye upepo. Kila baada ya kurasa kumi hivi wekeni karatasi nyeupe isiyochapwa, mbadilishe kila ikinyonya maji. Mna kama siku mbili kabla ukungu haujaanza. Vitabu vikiwa vingi kuliko mikono, vifungeni kwenye mifuko ya plastiki mviweke kwenye friza, mtoe kimoja kimoja baadaye. Wino wa kalamu ya kuchovya hukimbia na maji, lakini penseli hubaki. Kwa hiyo msitupe ukurasa unaoonekana mweupe kabla hamjatazama pembeni, alama nyingi za walimu ziliandikwa kwa penseli.

Makambako_Njia_Panda
Kweli mama. Bati husindikizwa, karatasi huachwa.

FundiTofali
Nyie mnahangaika na makaratasi wakati msingi umebaki ardhini. Ukikuta tofali za kuchoma, nene, hiyo ni ya Mjerumani. Imeisha.

KaraniMstaafu
Fundi, hapana, na kosa hili limeharibu historia nyingi. Tofali za kuchoma zimechomwa Iringa na Mbeya tangu enzi za misheni mpaka leo asubuhi. Tanuru halina tarehe.

FundiTofali
Basi tazama kilichounganisha tofali. Udongo mtupu, chokaa, au saruji? Saruji ya Wazo Hill ilianza kutoka 1966, ya Songwe hapa Mbeya ikaja miaka ya 1980. Kabla ya hapo saruji ilikuwa ya kuagizwa nje, ghali, mara nyingi shule ya mtaa iliipata sakafuni na kwenye ngazi tu. Na bati geuza upande wa chini utafute mhuri wa kiwanda.

KaraniMstaafu
Hapo tuko pamoja, ila bati huhamishwa kutoka paa hadi paa. Mhuri unakwambia umri wa bati, si wa shule. Na ukuta wa udongo ungeweza kujengwa mwaka wowote. Pima msingi wenyewe: vyumba vingapi, urefu, unene wa ukuta, uchore kabla grereda haijarudi.

Bikoni_Sisimba
Na kiwanja. Ofisi ya ardhi ulizeni mchoro wa mipango miji wa kitalu hicho na ramani ya upimaji. Matumizi yakiwa yamebadilishwa, mchoro wa zamani bado unaonyesha "shule". Ramani za 1:50,000 zilizochorwa kutokana na picha za angani nazo huonyesha shule. Uwanjani tazameni mstari wa mikaratusi au mijakaranda: hiyo ilikuwa mipaka na njia ya kuingilia.

Wanging'ombe_Juu
Wadau, subirini. Kuna jiwe la msingi la shule iliyobomolewa huku kwetu, limelazwa kifudifudi kisimani, watu wanafulia nguo juu yake. Limegeuzwa juzi tu, maandishi yapo lakini yamelika. Tufanyeje?

Mama_wa_Tukuyu
Mungu wangu. Wasilisugue!

FundiTofali
Asidi kidogo ya kusafishia vigae itang'arisha.

KaraniMstaafu
Fundi, asidi italila! Hata brashi ya waya isiguse. Maji, sponji laini, basi. Kisha usiku shika tochi ubavuni mwa jiwe, mwanga ulale sambamba na uso wake, herufi zitajitokeza kwa kivuli. Piga picha tochi ikiwa kulia, kushoto, juu na chini. Au tandika karatasi nyepesi usugue kwa ubavu wa penseli laini. Mkishasoma mwaka, kumbukeni ni mwaka wa jengo lile. Shule yenyewe inaweza kuwa ilisomea chini ya mti au kanisani kwa miaka kabla ya jiwe.

Makambako_Njia_Panda
Lipelekeni Makumbusho ya Boma pale Iringa.

Mama_wa_Tukuyu
Liende mbali kwa nini? Lijengewe ukutani shule iliyopokea watoto, na makabidhiano yaandikwe kwa serikali ya kijiji.

Wanging'ombe_Juu
Wazee wanataka libaki. Herufi zinazosomeka zinaonyesha jina tofauti na tunalolijua.

KaraniMstaafu
Hiyo ndiyo njia yenyewe. Majina yana umri. Shule iitwayo Muungano haiwezi kuwa imepata jina hilo kabla ya 1964, wala iitwayo Azimio (la Arusha) kabla ya 1967. Chini ya jina la sasa tafuta la zamani: la misheni, la chifu, au la jumuiya ya Wahindi, maana shule za kibaguzi ziliunganishwa kuanzia 1962. Kama ilikuwa ya kanisa, serikali ilizitwaa kwa Sheria ya Elimu ya 1969, basi karatasi za kabla ya hapo ziulizwe kanisani. Za Wamoravian zingine ziko Herrnhut, Ujerumani. Msishangae pengo la kuanzia 1916 hadi katikati ya miaka ya 1920: wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na baadhi ya vituo vilishikwa na Waskoti kutoka Nyasaland (Malawi ya leo).

Mafaili nayo hufuata mipaka ya wakati wake. Njombe ilikuwa Mkoa wa Iringa mpaka 2012, Mkoa wa Songwe wa leo ulikuwa ndani ya Mbeya mpaka 2016, na kwa sehemu kubwa ya enzi za Mwingereza yote ilikuwa Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Kwenye Nyaraka za Taifa ombeni kwa jina hilo, pamoja na vitabu vya wilaya (daftari za kumbukumbu za maofisa wa kikoloni). Nendeni na barua ya utambulisho na penseli.

Makambako_Njia_Panda
Na wazee wasioshika mwaka?

Mama_wa_Tukuyu
Usiwaulize mwaka. Uliza: ulimaliza darasa la nne, la saba au la nane? Mlilipa ada? Ada ya msingi ilifutwa 1973. Mlisoma kwa zamu, na walimu vijana waliotoka darasa la saba? Hiyo ni UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, kuanzia 1977. Waulize wawili kila mmoja peke yake, ndipo uwakutanishe.

Bikoni_Sisimba
Wanging'ombe, kabla ya tochi ya leo usiku, mtu apite shule waliyohamishiwa watoto. Atuambie namba 1 iliingia darasa gani.