Kerneli yetu inaandika kwenye ukurasa wa kusoma tu: tunajaribu vipi ramani ya kumbukumbu pepe?

UjijiBiti:
Wakuu, habari za jioni. Tuko Kigoma, Mwanga, tunaandika kerneli ndogo ya x86-64 ya kujifunzia: kurasa za baiti 4096, majedwali ya kurasa ngazi 4, tunaiendesha kwenye QEMU (kompyuta ya kuigiza). Kuunganisha anwani kunakubali. Shida ni kwamba ukurasa wa kusoma tu (biti 1 ni sifuri) kerneli inauandika bila kelele, na ukurasa tuliokwisha kuuondoa bado unasomeka na data yake ileile. Ingizo lake kwenye jedwali tumelichapisha, ni sifuri kweli. Tunakosa nini, na majaribio ya lazima ni yapi?

MtemiWaBaiti (Tabora):
Mkuu, la kwanza kaangalie rejista ya CR0, biti ya 16, yaani WP (Write Protect). Ikiwa sifuri, prosesa haijali ukurasa ni wa kusoma tu pale kerneli inapoandika. Inazibana programu za watumiaji (ngazi ya 3) peke yake. Iwasheni mapema.

La pili ni TLB, akiba ya prosesa ya tafsiri za anwani. Jina mmelifuta kwenye daftari, lakini mlinzi wa getini bado ana orodha ya asubuhi. Kila mkiondoa ukurasa au kuubadilishia fremu (kipande cha kumbukumbu halisi) au ruhusa, fuatisheni amri ya `invlpg`, inayoifuta akibani, kwa anwani hiyohiyo. Kwa ukurasa mpya ambao haukuwepo si lazima, maana x86 haiweki akibani ingizo lisilokuwepo. Na `invlpg` inasafisha kiini kimoja tu. Mkiwasha viini vingi, kila kimoja kiambiwe kivyake.

Sasa majaribio. Kuandika na kusoma namba ileile hakuthibitishi kitu, maana hata ramani iliyoelekea fremu ya mtu mwingine itapita. Unganisheni anwani mbili pepe kwenye fremu moja, andikeni kupitia ya kwanza, someni kupitia ya pili. Halafu jaribuni mambo yanayotakiwa KUSHINDWA: hitilafu namba 14 (page fault) itokee, rejista ya CR2 iwe na anwani mliyoigusa, na msimbo wa hitilafu uwe sahihi. Kerneli ikisoma ukurasa usiokuwepo ni 0, ikiuandika ni 2, ikiandika uliopo wa kusoma tu ni 3.

Kishughulikiaji cha hitilafu kisirudi tu hivihivi: amri ileile itarudiwa na mtazunguka milele. Kibadilishe RIP iliyohifadhiwa (anwani ya amri ya kurejea), iruke hadi lebo mliyoiandaa. Viashiria viwe `volatile`, la sivyo kompaila itaufuta usomaji ambao matokeo yake hayatumiki, na hitilafu mnayoisubiri haitakuja kamwe.

kasulu_asm:
Mashine ikijiwasha upya ghafla, iendesheni QEMU kwa `-no-reboot -d int`. Na `info tlb` kwenye monita ya QEMU inaonyesha ramani kama ilivyo kwenye majedwali, si kama mnavyodhani ilivyo.

Naongeza mipaka, huko ndiko kazi za ramani zinakofia. Chukueni nafasi isiyoguswa na kipakiaji (bootloader), mfano 0xFFFF900000000000 (ingizo la 288 la jedwali la juu). Msijaribie eneo la kipakiaji, mara nyingi lina kurasa kubwa za MiB 2. Msimbo usioangalia biti 7 (alama ya ukurasa mkubwa) utadhani ukurasa ule ni jedwali na kuuchafua. Unganisheni kurasa mbili kuanzia 0xFFFF9000001FF000: wa kwanza ni ingizo la 511, wa pili unadai jedwali jipya. Fremu zitakazotumika ziwe 6 kamili, 4 za majedwali na 2 za data. Na fremu ya jedwali jipya isafishwe kwanza kuwa sifuri zote, la sivyo takataka zake zitageuka ramani.

UjijiBiti:
Shukrani sana. WP ilikuwa sifuri. Misimbo sasa ni 3 na 0 kama mlivyosema. Ila tukiondoa kurasa zote mbili na kurudisha fremu zake, bado fremu huru zinapungua 4.

MtemiWaBaiti (Tabora):
Hayo ni majedwali, mmefuta ngazi ya chini tu. Si kosa mkiamua yabaki. Rudieni jaribio lote kwa anwani zilezile: pungufu likibaki 4 mko salama, likiwa 8 mnatengeneza majedwali upya juu ya yaliyopo. Mkitaka kuyarudisha, hakikisheni maingizo yote 512 ni tupu, futeni ingizo la jedwali mzazi, `invlpg`, ndipo fremu irudi kwa mgawaji. Mpangilio huo msiugeuze.