Tupeane uzoefu: video za masomo, wewe nini hukufanya uangalie mpaka mwisho?

MwanaMajengo (Malindi):
Jamani wanachuo hebu tupeane uzoefu hapa maana mie nshachoka. Nasoma uhasibu mwaka wa pili, nusu ya masomo twatumiwa video, lekchara hatumuoni mpaka siku ya mtihani. Jana usiku nikahesabu kwenye simu, video 41 nimezidaunlodi kwa bando ya usiku, nilizomaliza tatu. Tatu! Na si kwamba sina nafasi, maana saa hizo hizo naangalia mzee mmoja sijui wa nchi gani akipika wali kwa sufuria kubwa kama ngalawa, dakika 40 nzima, wala huo wali siutaki. Lakini nikifungua "Mizania, sehemu ya kwanza", ile hesabu ya mali upande mmoja, madeni na mtaji upande wa pili, na pande zilingane, dakika ya nne nshalala, simu imeniangukia puani. Mnaomaliza mnamaliza vipi? Na msiniambie nidhamu, nidhamu nshaambiwa na mamangu.

KijanaLangoni (Lamu):
Dadangu hapo puani nimecheka kwa sababu hata mimi ilikuwa hivyo hivyo. Nasomea mashine chuo cha ufundi, video ya mfumo wa mafuta niliifungua mara tano na mara tano nikaifunga. Sasa siku moja boti ya ami yangu imetoka Mokowe na abiria, hapo kati mashine ikakohoa ikazima, ikavutwa na boti nyingine mpaka gatini mbele ya watu wote. Ami akaniita akaniambia, wewe si wasomea mashine, haya.

Sheikh, ile aibu. Nikatafuta YouTube nikapata mzungu mmoja asafisha kabureta ya mashine ya Yamaha, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, video ya dakika 18, mimi ilinichukua saa tatu. Netiweki mbovu nimeiweka picha ya chini kabisa, 144p, nati siioni naona ukungu, natoa kidole kimejaa petroli nasimamisha, narudisha, naangalia mkononi, naangalia simu. Nikafungua kile kikombe cha chini nikakuta unga mweupe umegandia, maji yalikuwa yameingia kwenye petroli, na kile kitundu cha shaba kinachopitisha mafuta kimeziba kabisa. Mzungu akasema usichokonoe kwa chuma utakipanua, basi nikachuna waya wa stima nikatoa uzi mmoja wa kopa nikapitisha pole pole mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Nikarudisha kila kitu, nikavuta kamba mara ya nne ikawaka. Skurubu moja ikabaki mkononi, nikaitia mfukoni kabla ami hajaiona.

Sasa sikia, usiku ule nikaifungua ile video ya chuo na nikaimaliza bila kupiga mwayo. Kwa sababu nilikuwa nataka kujua kwa nini kile kitundu ni kidogo vile. Kumbe hewa ikipita pale penye koo nyembamba inakimbia, ikikimbia shinikizo lashuka, ndipo petroli yanyonywa juu kupitia kile kitundu, na kikiwa kikubwa mafuta yanazidi mashine yalewa. Lekchara alikuwa ashaeleza yote hayo tangu mwanzo! Ila mimi nilikuwa napewa majibu na swali sina.

MtuWaFaza:
Nyinyi mwazungumzia hamu ya kusoma, mimi hamu ninayo, netiweki sina. Nitarudi nikipata mahali pa kusimama.

Bi_Chaki (nasoma ualimu Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, nyumbani Malindi):
KijanaLangoni umenena. Nikuongezee kitu MwanaMajengo usijilaumu sana, kuna watafiti walitoa kazi yao 2014, waliangalia mamilioni ya mara ambazo watu walifungua video za edX, zile kozi za mtandaoni, wakaona kwamba mtu wa kawaida havuki dakika sita, hata video iwe ya saa nzima. Kwa hiyo wewe na dakika zako nne si mbali na wenzako. Na video ambazo mwalimu achora kwa mkono huku akiongea ziliwashika watu kuliko slaidi tupu, ile namna ya Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure. Na mwanzilishi wake Salman Khan mwenyewe hakuanza na wanafunzi wa dunia nzima, alianza 2004 akimsaidia binamu yake Nadia aliyekuwa ashindwa na hesabu za kubadilisha vipimo, yeye yuko Boston msichana yuko New Orleans, YouTube akaja kuingia 2006. Mtu mmoja na shida yake moja. Linganisha na zetu za slaidi 90.

Lakini mie shida yangu ilikuwa nyingine na ndiyo mbaya zaidi. Mie nilikuwa namaliza! Video zote za somo la takwimu niliziangalia kwa spidi ya 1.5, ya saa moja yaisha dakika 40, natikisa kichwa, ndiyo mwalimu, ndiyo, nimeelewa. Kuingia kwenye CAT, ule mtihani mdogo wa kati ya muhula, nimeandika jina na namba ya usajili, basi. Mwalimu kwenye video ndiye aliyekuwa akikokotoa, mie nilikuwa mtazamaji wa mpira. Siku hizi nasimamisha kabla hajatoa jibu, naandika langu kwanza, hata kama ni upuuzi. Likiwa upuuzi ndiyo nasikiliza vizuri, maana nataka kujua nimeangukia wapi.

UmmuTuktuk (Malindi, Shella):
Sisi tuko watatu, wote tuna watoto, wote unesi. Twachanga bando shilingi 20 20, twaangalia simu moja barazani watoto wakishalala. Sharti ni moja, video ikiisha mmoja wetu aeleza bila kuangalia, akishindwa kesho anunua viazi karai vya wote. Mimi nimenunua wiki mbili mfululizo, mume wangu akaniuliza hii kozi ni ya unesi au ya viazi.

KijanaLangoni:
😂😂

Mkaazi_Watamu:
Kwetu sisi kuna video lekchara alirekodi nyumbani 2020 vyuo vilipofungwa kwa korona, mpaka leo ndiyo tunayotumiwa. Asema "tutakutana darasani karibuni inshallah", na nyuma kuna jogoo. Mwaka wa kwanza wote wajua jogoo yuwika dakika ya 23, wengine huruka moja kwa moja mpaka kwa jogoo. Sasa mtu ambaye hata kurekodi upya ameona uzito, mimi hamu niitoe wapi? Mnasema wanafunzi wavivu, sawa, lakini hilo nalo lisemwe.

Bi_Chaki:
Hilo kweli ndugu yangu, sikupingi. Japo jogoo namtaka.

MwanaMajengo:
Nimerudi baada ya siku nne. Nilimfuata shangazi ana duka la leso hapa sokoni, nikamwambia nikufanyie mizania ya duka, akasema fanya lakini usinichanganyie daftari. Nikaorodhesha mzigo wote, pesa za droo, deni analodaiwa na mwenye jumla, wateja wanaomdai, samahani, anaowadai, mtaji wake na faida alizonitajia. Pande mbili zikakataa kulingana, tofauti 6,800. Nilikaa nayo mpaka saa sita usiku. Nikafungua sehemu ya kwanza, ile ile ya puani, dakika ya 17 mwalimu asema deni la mteja ni mali yako, si deni lako. Wallahi niliruka. Wateja wa shangazi wana deni la 3,400 na mimi nimeliandika upande wa madeni, limekosekana huku limezidi kule, mara mbili yake ndiyo hiyo 6,800!

Shangazi hakufurahia mizania, alichoona ni ile orodha ya wateja, akaniambia haya mhasibu kazidai. Leo nimezunguka Majengo nzima nimepata 900.

KijanaLangoni na ile skurubu je?

KijanaLangoni:
Bado iko mfukoni. Boti yaenda.