Wagonjwa wa presha hawarudi kliniki kwa tarehe: turekebishe nini kwanza?

mratibu_kliniki
Wadau, naomba msaada. Kliniki ya presha inatoa tarehe ya kurudi kila mwezi, lakini wengi hawaonekani, na wanaokuja wamekosa dawa siku kadhaa. Elimu ya afya hutolewa kila asubuhi na mabango yapo ukutani. Tunataka kugusa mfumo wenyewe. Tuanzie wapi?

dirisha_la_dawa
Anzeni kwa kuhesabu vidonge. Dawa nyingi za presha huja kwenye pakiti za vidonge 28, halafu kadi inaandikwa arudi baada ya siku 30. Mgonjwa aliyefuata kila mlichomwambia anakaa siku 2 bila dawa, anafika presha imepanda, kisha anaambiwa hamezi dawa. Akishalaumiwa hivyo mara moja, safari ijayo haji. Pangeni kwa wiki, si kwa mwezi: wiki 4, 8 au 12, siku ileile ya wiki, pamoja na dawa za akiba za siku 7.

Halafu, kwa nini kila mwezi? Mwongozo wa WHO wa 2021 unapendekeza kila mwezi kwa aliyeanza au kubadilishiwa dawa, hadi presha ifike panapotakiwa. Ikishatulia, miezi 3 hadi 6. Kumwita kila mwezi mtu aliyetulia ni kumpotezea siku ya kazi na kumrefushia foleni anayehitaji kuonwa kweli.

foleni_fupi
Naunga mkono. Ila kabla ya kubadilisha chochote, pimeni foleni. Kila mgonjwa apewe kikaratasi mapokezi, na kila kituo kiandike saa aliyofika na saa aliyotoka: mapokezi, kupimwa presha, daktari, maabara, dawa. Fanyeni siku 3, moja iwe ya msongamano. Kama wote mmewaandikia saa 2 asubuhi, foleni mmeitengeneza wenyewe. Gawanyeni kwa saa.

Angalieni na mpangilio wa viti. Mtu anayepimwa akitokea moja kwa moja kwenye msukumano wa foleni presha yake itasoma juu, na huenda akaongezewa dozi bila sababu. Wekeni viti vyenye egemeo karibu na meza ya kipimo, apumzike dakika 5 bila kuzungumza, kisha mkono uegemezwe usawa wa moyo.

mratibu_kliniki
Asanteni sana. Kuna faida kutuma ujumbe wa kukumbusha?

lugha_nyepesi
Ipo, ukiandikwa vizuri. Utumwe siku 2 kabla, bila kutaja ugonjwa, maana simu huenda inatumiwa na watu wawili: "Karibu Jumanne saa 4 asubuhi. Ukishindwa, jibu 2 tukupangie siku nyingine." Hiyo sentensi ya mwisho msiiache. Aliyepitwa na tarehe huogopa kurudi kwa sababu anajua atagombezwa. Mpeni njia ya kurudi.

Tena, acheni kuandika "1 x 2" kwenye bahasha ya dawa. Mwingine humeza vyote viwili kwa mpigo, mwingine hukisia kimoja kwa siku mbili. Andikeni "kidonge 1 asubuhi, kidonge 1 jioni". Na mtoa dawa asiulize "umeelewa?", kwa sababu jibu lake ni ndiyo siku zote. Aulize, "Ukifika nyumbani utazimezaje?" Akikosea, mtoa dawa aeleze upya kwa maneno mengine, kisha aulize tena.