Gertrude ana kosa gani kuolewa na Claudius?

Karani wa Zamu: Nimemaliza Hamlet ya Shakespeare, nina swali moja tu. Mfalme wa Denmark kafa, miezi miwili haijatimia mjane wake Gertrude kaolewa na nduguye marehemu, Claudius. Kijana wao Hamlet, msomi wa Wittenberg, bado kavaa nyeusi, anaambiwa kulia kwingi si uanaume. Kinachomuuma ni msiba wa baba au ndoa ya mama? Mimi naona mama anaonewa. Sijaona mahali panapoonyesha alijua kuwa mjomba ndiye aliyeua.

Pweza wa Nungwi: Mjomba?? Mjomba ni kaka wa mama. Claudius ni ami yake, nyie wa bara mnasema baba mdogo. Hilo tu likikushinda, kitabu utakielewaje?

Karani wa Zamu: Haya, ami. Swali langu je?

Fundi Saa: Miezi miwili hata eda haijaisha! Miezi minne na siku kumi, kwa mwanamke mwenye haya. Hamlet mwenyewe kasema nyama za matanga ndizo zilizoliwa baridi harusini. Wanawake wa siku hizi ndio hao hao, udongo haujakauka.

Bi Mkubwa Mtandaoni: Fundi, mimi eda nimekaa yote, nguo nyeupe, ndani. Wiki ya pili shemeji kaja na daftari, anaandika mabati, vitanda, mpaka jokofu. Kalifungua kabisa, akatazama kilichomo. Hakuuliza wanangu wamekula nini. Usinifundishe haya.

Fundi Saa: Pole dada, sijakutaja wewe. Nazungumzia Denmark.

Bi Mkubwa Mtandaoni: Denmark nako kuna wanawake wa siku hizi?

Mwana wa Ziwa: 😂😂 Kwetu Siaya huyo Claudius angeitwa jater na wazee wangemshukuru. Mjane kurithiwa na shemeji ni habari ya kuandikia kitabu?

Mkutubi: Kwao ilikuwa habari kubwa. Kanisa lilihesabu kumwoa mke wa nduguyo ni zinaa ya maharimu. Mfalme wa Uingereza Henry VIII alimwoa Catherine, mjane wa kaka yake Arthur, mwaka 1509, alipomchoka akaikumbuka dhambi hiyo hiyo ili ndoa ibatilishwe. Tamthilia inaandikwa karibu mwaka 1600, kwenye kiti yupo Elizabeth, binti wa mke wa pili. Na hesabu za Hamlet msiziamini sana. Mara miezi miwili, mara mwezi, na wakati wa ule mchezo ndani ya mchezo anadai baba kafa saa mbili zilizopita. Mpenzi wake Ophelia ndiye anayemsahihisha: miezi minne.

Fundi Saa: Miezi minne bila siku kumi. Eda bado.

Mwana wa Ziwa: Hii si Mwalimu alishaitafsiri?

Mkutubi: Mwalimu alitafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.

Pweza wa Nungwi: Mimi narudi kwa ami. Claudius anamwita "mwanangu" mbele ya watu wazima, kijana ananuna. Sasa ami zangu wote wananiita hivyo tangu nizaliwe, sijawahi kununa. Anayemwita yuko kitini pa babake, basi. Neno halina kosa.

Mkutubi: Na kule mfalme alichaguliwa. Mwishoni Hamlet analalamika wazi kwamba Claudius kajipenyeza kati ya uchaguzi na matumaini yake. Ila ametaja kuua baba na kumchafua mama kwanza, kiti kimefuata.

Fundi Saa: Kwa hiyo ni mirathi. Si nilisema?

Bi Mkubwa Mtandaoni: Hukusema. Ulisema haya.

Karani wa Zamu: Jamani, na Gertrude?

Pweza wa Nungwi: Gertrude kafa, kanywa kikombe cha sumu alichotegewa mwanawe. Wewe karekebishe hilo "mjomba" hapo juu, bado linasomeka.